Mzigo Haulishwi

Jumuiya yetu ya Mkuza ina kipaji ambacho sijawahi kukisikia kikitajwa kanisani: inajua kumzika mtu kabla hajafa.

Sisemi kwa ubaya. Ni watu wema. Ukifiwa, kabla hujalia ukashiba wameshafika na masufuria. Tatizo ni wanapoingia chumbani kwa mgonjwa. Hapo wanakuwa na macho ya fundi aliyekuja kupima. Mmoja anautazama mlango kuona kama jeneza litapita bila kupindishwa. Mwingine anatoka nje eti anapokea simu, kumbe anaangalia turubai litafungwa kwenye mwarobaini au kwenye nguzo ya jirani. Na nyimbo wanazochagua zote ni za safari kwisha na ng'ambo kuonekana. Niliwahi kuugua malaria ya kawaida kabisa, ya kumeza vidonge na kurudi kazini, wakaja kuniombea. Walipoondoka nikajikuta nawaza kabati langu la vyombo nimwachie nani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, Mnyamwezi wa Tabora, nililetwa Kibaha na uhamisho na sijarudi. Mama yangu alikuwa akisema mdomo wangu ulizaliwa kwanza, mimi nikafuata nyuma nikiuombea msamaha. Mdomo huo ndio ulioleta haya ninayoyasimulia.

Katika mtaa wetu kulikuwa na dada mmoja mwenye kibanda cha vitumbua pale Maili Moja. Baba yake alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mzee wa kanisa, mpiga tarumbeta maarufu wa huko kijijini kwao. Kiharusi kikampiga, kikachukua mkono na mguu wa kulia na kuuvuta mdomo upande. Binti akaenda kumchukua, akamweka kwenye chumba cha nyuma cha nyumba yake, tarumbeta ikaning'inizwa ukutani juu ya kitanda. Sisi tulimwita Babu.

Jumamosi moja asubuhi jumuiya ikaenda kumwona. Mbele alitangulia mama mwenyekiti, Mpare mstaafu, mwanamke wa mkoba mkubwa na miwani, ambaye hajawahi kuchelewa popote. Nyuma yake mwinjilisti wetu mpya, kijana wa Kichaga, mwembamba, tai shingoni, aliyetoka chuoni na kuletwa moja kwa moja kwetu. Kisha sisi wengine.

Babu alikuwa amelala kaugeukia ukuta. Binti yake alisimama mlangoni na kikombe cha uji wa ulezi, macho yamevimba.

"Hataki kula," akatuambia. "Nikimletea uji anafumba mdomo. Nikimbembeleza ananiambia mzigo haulishwi. Ndilo neno pekee analosema. Mzigo haulishwi."

Mama mwenyekiti akatikisa kichwa kwa huruma. "Mgonjwa anasikia?"

"Anasikia, mama. Yupo hapo."

"Basi mwambie tumekuja kumwombea."

Yule binti akamtazama baba yake aliyekuwa umbali wa kunyoosha mkono tu, asijue apaaze sauti au atume barua. Mwinjilisti akafungua sala. Ilikuwa sala nzuri, yenye sarufi safi, na ilimkabidhi Babu mbinguni mara kadhaa bila hata kuuliza kama kafunga mizigo. Tukaimba wimbo wa ng'ambo. Jirani yangu akautazama mlango, kisha akafumba macho. Nami nikaona kitu ambacho wengine, kwa kuwa walikuwa wamefumba macho kwa uchungu wa kiroho, hawakukiona: mkono wa kushoto wa Babu ulitoka taratibu, ukaushika upindo wa shuka, ukalivuta mpaka juu ya kichwa.

Alikuwa anajifunika sanda mwenyewe ili atupunguzie kazi.

Hapa lazima nieleze jambo. Babu zetu Wanyamwezi walibeba mizigo kichwani kutoka bara hadi pwani, na njia ilipita kwa Wazaramo. Wakadaiwa hongo ya kupita njia, wakagombana, wakachoka kugombana, wakaishia kutaniana. Toka hapo sisi ni watani. Mzaramo ana haki ya kunitukana mbele za watu na mimi sina haki ya kununa. Nami ninayo haki hiyo hiyo kwake, awe mkubwa au mdogo. Sikupanga kuitumia siku ile. Mdomo ulitangulia.

"We Mzaramo!" nikapiga kelele katikati ya ubeti. "Jua limepanda lote hili bado uko kitandani? Au jana kulikuwa na ngoma?"

Wimbo ukakatika. Mama mwenyekiti akanifinya mkono, na vidole vya mama yule vina nguvu.

"Na eti wewe mzigo," nikaendelea, kwa sababu nimeshafinywa, sasa nipate faida gani kunyamaza. "Nani kakudanganya? Mimi ukoo wangu ni wapagazi. Mzigo naujua nikiuona. Mzigo hauvuti shuka. Mzigo haununi. Wewe ni Mzaramo mvivu tu unayetafuta wa kukubeba!"

Mwinjilisti alikuwa ameshika Biblia kifuani kama anayejikinga na mvua. Kisha shuka likaanza kushuka, polepole, likafika kwenye pua. Jicho moja likatutazama. Likawapita wote, likatua kwangu.

"Nani," ikatoka sauti, ya upande upande, kila neno likiburuta mguu, "nani kamruhusu mpagazi kuingia ndani?"

Binti akamwaga uji.

"Wapagazi wanakaa uani," akasema Babu, "na mizigo yao."

"Mwalimu, toka nje," akasema mama mwenyekiti kwa sauti ya chini ambayo nadhani aliwahi kuwatolea watumishi wengi serikalini.

"Asitoke," akasema Babu. "Hongo hajalipa."

Nikatoka hata hivyo, kwa kuwa mkono wangu ulikuwa bado kwenye vidole. Pale uani, karibu na jiko la vitumbua, nikasomewa mashtaka yangu; Wapare, watu husema, huwa hawaishiwi kesi.

"Mgonjwa anastahili heshima, mwalimu."

"Heshima ipi, mama? Umemsalimia?"

Hakuwa amemsalimia. Hata mmoja wetu. Tuliingia tukamsalimia binti, tukamsalimia jirani aliyechungulia dirishani, tukamsifia hata yule paka. Mtu tuliyemfuata hatukumpa hata shikamoo moja. Na Jumapili iliyotangulia mwinjilisti alikuwa ametuhubiria, vizuri sana, kwamba kila mtu kaumbwa kwa sura ya Mungu, tangu tumboni mwa mama hadi pumzi ya mwisho, tukaitikia amina mpaka mabati yakatetemeka. Ilinikasirisha, sitaki kuficha. Nilikasirika hadi nikasahau kuomba msamaha, na sijaukumbuka mpaka leo.

Jioni nikalipa hongo. Nilikuwa na michembe kutoka nyumbani, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa juani, ambavyo kwetu tunavichemsha na karanga zilizosagwa mpaka vinalainika kabisa. Nikapeleka bakuli. Babu akalitazama.

"Hivi ni vipande vya malapa," akasema.

"Malapa ya mfalme. Fungua mdomo."

"Nyie kwenu hakuna nazi?"

"Kwetu tuna akili, nazi hatuna haja nazo. Fungua."

Akafungua. Akatafuna kwa upande uliokuwa mzima, akalaani, akafungua tena. Alikula bakuli lote akilitukana, kisha akamwambia binti yake amuulize mpagazi kama malapa yamebaki. Binti akaenda kusimama nyuma ya mlango, akajifunika uso kwa khanga. Sauti yake ilinifikia. Alikuwa anacheka, au analia. Sidhani hata yeye alijua.

Toka siku hiyo Babu akarudi duniani, na dunia ikamkoma. Kila Jumamosi jumuiya ilikuwa inajaa kwake kuliko inavyojaa kanisani kwenye kipindi cha toba. Watu walikuja na vigoda vyao. Tukiingia, anaanza: mpagazi amefika, fungieni kuku. Nami namjibu kwamba kuku wa Mzaramo hana haja ya kufungiwa, atakuwa kakonda kwa kukesha ngomani. Msukuma mmoja wa mtaa wa pili, naye mtani wake, akajipatia kiti cha kudumu. Mwinjilisti alikuwa anatuangalia kama mtu anayesoma kitabu kilichoshikwa juu chini, lakini alijifunza kungoja tumalize ndipo aombe, na sala zake zikaanza kumwombea Babu afya.

Mama mwenyekiti pekee ndiye alibaki mlangoni na mkoba wake. Yeye na Babu hawakuwa watani, kwa hiyo Babu alimpa adabu yote. "Karibu, mama mwenyekiti. Asante kwa kufika, mama mwenyekiti. Mungu akuzidishie, mama mwenyekiti." Sisi tunapigwa matusi ya kupendeza, yeye anapewa adabu kavu. Nilimwona mara nyingi akimeza mate, kama mtu ambaye chai yenye sukari imempita akabaki na ya mgonjwa wa kisukari.

Siku moja tulipokuwa wawili tu, Babu akanigeukia bila mzaha.

"Nikifa, utaingia kaburini?"

"Nitaingia."

"Usinitie aibu. Wanyamwezi wa siku hizi mnakaa mkekani mnachezea simu. Kwetu mtu akizikwa bila mtani, watu wanaulizana: huyu alikuwa mtu au gunia la mkaa?" Akapumzika, maneno yalikuwa yanamchosha. "Udai jogoo ndipo utoke. Wakikuletea tetea, kataa."

"Nitadai jogoo na mtu wa kumbeba."

"Jogoo utambeba mwenyewe. Wewe si mpagazi?"

Alifariki wakati wa mvua, asubuhi, baada ya kunywa uji wake. Binti alinionyesha kikombe. Kilikuwa kitupu. Nilikwenda shule nikafundisha hesabu za sehemu darasa la nne, kisha nikaingia choo cha walimu nikalia mpaka mwalimu mkuu akaja kugonga akiuliza kama bomba limepasuka.

Tulimpeleka Kisarawe kwa Kosta ya kukodi. Tulipoiacha lami matope yakatupokea, na tulipofika kijijini kwao nusu ya ukoo ilikuwa na kofia na nusu ilikuwa na rozeti, zile beji za kanisa, kifuani, maana ndugu wale wana dini mbili na sufuria moja. Mdogo wake Babu, Mwislamu, mzee mfupi mwenye sauti kubwa kuliko kimo chake, ndiye aliyekuwa msimamizi wa mambo yote. Aliponisikia nikijitambulisha kwa kabila, alinitazama kuanzia kichwani hadi miguuni.

"Wewe ndiye mpagazi?"

"Ndimi."

"Alitusimulia kwenye simu. Akasema una miguu mibaya. Hakukosea."

Nikajua niko nyumbani. Nikavua viatu, nikajifunga kitenge cha pili kiunoni. Mwinjilisti wetu hakuona lolote kati ya hayo. Alikuwa anapanga masomo yake. Wala sikufikiria kumwambia. Wewe utamwambiaje mtu kwamba watu huvua viatu kabla ya kuingia msikitini? Unadhani anajua.

Tukafika makaburini. Jeneza likawekwa juu ya miti miwili pembeni ya shimo. Mwinjilisti akafungua kitabu, akasafisha koo, akasema, "Wapendwa," na mimi nikaruka ndani.

Nikajilaza chali kwenye udongo wenye maji, mikono kifuani.

"Pamejaa!" nikapiga kelele. "Tafuteni kwingine!"

Wazaramo wakaguna kwa furaha. Lakini juu yangu uso wa mwinjilisti ulitokea, umekauka kwa hofu.

"Toka!" akaamrisha. "Toka ndani yake! Nakuamuru utoke!"

"Sitoki!"

"Toka!"

"Sitoki mpaka mniletee jogoo!"

Mwinjilisti akaruka nyuma. "Wapendwa, ombeni! Anadai damu!"

Naapa alisema hivyo. Na jumuiya yangu, watu wema, waliokula na kunywa na mimi, wakaamini. Wakainua mikono. Pambio likaanza. Mama mwenyekiti alichomoa kitambaa mkobani akakipunga juu ya kaburi kama anafukuza nzi. Upande wa pili wa shimo ukoo mzima wa Babu, kofia na rozeti, ulikuwa umeshikana mabega usianguke. Mdogo wake Babu alikaa chini kabisa, kwenye matope, akijipiga mapaja. Kadiri walivyocheka, mwinjilisti aliona pepo limewaingia na wao, akaongeza sauti. Nami kule chini nilitaka kueleza, lakini kicheko kilikuwa kimenibana pumzi nikawa natoa sauti ambazo, nakiri, hazikuisaidia hoja yangu.

Ni yule mzee aliyemshika mwinjilisti mkono. "Baba mchungaji," akamwambia, akimpandisha cheo kwa huruma, "hilo si pepo. Huyo ni Mnyamwezi."

"Mnyamwezi?"

"Mtani. Anatuzikia. Tulia kidogo, kazi yake ikiisha utaendelea na yako."

Mwinjilisti akanitazama. Nikampungia mkono. Akatoa kitambaa akajifuta jasho, na pambio likafa moja moja, kila mtu akijifanya aliyeanzisha ni mwenzake.

Wakaniletea tetea. Nikamkataa. Nikasema huyu mwenyewe ni mjane, mnataka amfariji nani. Wakazunguka, wakanung'unika, wakaleta jogoo, mwekundu, mwenye hasira kama zangu. Yule mzee akainama ukingoni na kunishushia.

"Haya, mpagazi. Umepata ulichotaka. Toka sasa, tushushe mzigo."

Alilisema kwa utani, na utani ulikuwa unastahili jibu. Nilikuwa nayo majibu kumi. Lakini neno lile lilinikuta hapo chini, na jogoo mikononi na ubavu wa jeneza juu ya macho yangu, na yote kumi yakanipotea. Watu wakangoja. Mtani akinyamaza kaburini, kazi imeharibika. Nilijua ninamtia aibu, kama alivyoogopa.

"Mzigo haulishwi," nikasema. Sauti ilitoka ndogo, ya upande upande, kama yake.

"Unasemaje?"

"Nasema mzigo haulishwi! Mimi naijua mizigo. Huyu alikula!"

Yule mzee akainama zaidi. "Alikula nini?"

"Michembe yangu! Akaiita malapa, akamaliza bakuli! Na uji wa binti yake aliunywa mpaka siku aliyoondoka, kikombe kitupu, kamwulizeni!"

"Ni kweli," akasema binti yake kutoka kwenye umati, akilia na kucheka waziwazi, bila khanga usoni. "Aliunywa wote."

Yule mzee alipiga goti ukingoni. Kofia yake ilikuwa na tope. "Basi si mzigo," akasema. Akaninyooshea mkono. "Njoo juu, mtani. Tumshushe ndugu yetu."

Nikatoka. Mwinjilisti akaanza upya, "Wapendwa," na safari hii alipofika mahali pa kusema huyu aliumbwa kwa sura ya Mungu, aliinua macho kutoka kitabuni akalitazama jeneza, kama anayemsalimia mtu.

Tulirudi Kibaha jioni. Jogoo alikuwa mapajani mwangu, kajifanya mtu mzima. Mama mwenyekiti alikaa kiti cha mbele yangu, kimya tangu Kisarawe, mkoba kifuani. Tulipokaribia Maili Moja akageuka.

"Mwalimu. Hivi sisi Wapare watani wetu ni nani?"

"Si Wachaga, mama?"

Akageukia mbele. Akafikiri. Kisha akamtazama mwinjilisti, Mchaga wetu, aliyekuwa amesinzia upande wa pili na tope kwenye tai.

"Wewe," akasema. "Siku yangu ikifika, utaingia."

Mwinjilisti akazinduka. "Wapi, mama?"

"Kaburini."

Kijana wa watu alimtazama mama yule mwenye miwani, ambaye hakuwahi kuchelewa popote, ambaye sasa alikuwa kaukumbatia mkoba na macho yake yanaomba. Nilidhani atasema ataliombea jambo hilo. Nilimwona akiirekebisha tai, akijikaza.

"Lakini mama," akasema kwa heshima zote, "Mpare anakubalije kufa bila kukata rufaa?"

Mama mwenyekiti alicheka mpaka miwani ikaanguka, na sote tukainama kuitafuta chini ya viti.